Usinitulize, Mondli

Kicheko ndicho kilichommaliza Khethiwe. Siyo hadithi yenyewe. Hadithi angeimeza tu, kama alivyoimeza miaka yote. Lakini kile kicheko! Ukumbi mzima wa makao ya watoto, watu anaokula nao kila mchana, wanacheka mpaka wanafuta machozi, na mchumba wake mwenyewe kasimama mbele yao anacheka nao!

Ilikuwa Alhamisi, Howick, ukungu umeshuka mpaka madirishani. Walezi wa makao walikuwa kwenye mafunzo wiki nzima. Si unawajua walezi? Wale wanaolala na watoto nyumba kwa nyumba, wanawaamsha, wanawapeleka shule, wanatukanwa, wanarushiwa sahani, na jioni wanapika tena kama hakuna kilichotokea. Waligawanywa makundi mawili, moja likafundishwa na Mondli Hadebe, na Khethiwe Zondi, MaZondi kama walivyomwita, aliwekwa kwa mwalimu mwingine makusudi kabisa, maana kila mtu alijua Mondli ni wa kwake. Tena Jumamosi ile ile wazee wa Mondli walikuwa wanakuja Mpophomeni, kwa baba yake Khethiwe, kuongea mahari.

Sasa yule mwalimu mwingine akaamka na mafua, sauti hana kabisa. Makundi yakaunganishwa. Khethiwe akajikuta kiti cha mbele, anamtazama mume wake mtarajiwa akikunja mikono ya shati.

"Shemeji!" Thandazile alipiga kelele kutoka nyuma. Huyu ni mlezi wa wavulana wakubwa, mwili wa kutosha, mdomo wa kutosha zaidi. "Leo ndiyo tutajua kama unaweza kufundisha huku MaZondi anakuangalia!"

"Nitafundisha macho nimefumba, dada."

"Ukifumba utaangukia mapajani kwake, na bado hujalipa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Khethiwe akaficha uso kwenye skafu, lakini moyoni, jamani, moyoni alikuwa anayeyuka. Mondli alikuwa na sauti. Ile sauti! Nzito, ya chini, haina haraka. Mtoto kavunja dirisha, kashika kipande cha kioo, watu wote wamekimbia, Mondli anaingia, anaongea maneno mawili matatu, na mtoto anakiweka kioo chini mwenyewe. Khethiwe aliipenda ile sauti kabla hajampenda mwenye nayo.

"Haya," Mondli alisema. "Mtoto kapandisha hasira. Usimsimamie uso kwa uso kama polisi. Kaa upande. Mikono wazi, aione. Sauti yako ishuke chini ya sauti yake. Mtajie anachokihisi, usimuulize kwa nini. Halafu subiri. Akishaanza kushuka, mpe machaguo mawili, madogo tu, ajione bado anaamua mambo yake. Tumeelewana? Nani ataigiza mtoto?"

"Mimi!" Thandazile alikuwa keshafika mbele.

"Sawa. Wewe ni kavulana ka miaka tisa. Tukaite Lwazi." Mondli alitembea taratibu, kama kawaida yake akianza kunoga. "Mama yake alimwambia, nitakuja kukuchukua Ijumaa. Hakuja. Basi Lwazi kila Alhamisi analala na viatu miguuni, ili mama akija asubuhi asimcheleweshe. Na kwenye begi lake kuna kopo la siagi ya karanga, haligusi mtu. Anamtunzia mama. Anasema mama anaipenda."

Khethiwe akaishusha skafu usoni.

Ile haikuwa ya Lwazi. Hakuna Lwazi. Ile ilikuwa yake! Miaka ile baba yake yuko migodini Rustenburg, mama yake akamuacha kwenye makao fulani kule Maritzburg, akamwambia Ijumaa. Aliisimulia mara moja tu maishani, kwa mtu mmoja tu, pale bwawa la Midmar, wamejifunika blanketi moja, upepo unawapiga. Viatu, siagi ya karanga, yote. Mondli siku ile hakusema kitu. Alimshika miguu, akaikumbatia kifuani kwake mpaka ikapata joto. Na hapo hapo Khethiwe aliamua kwamba huyu ndiye.

"Mlezi atakuwa..." Mondli aliangaza macho, yakamkuta. Akatabasamu. "Khethiwe! Njoo MaZondi, waoneshe."

Alimwita yeye! Na wala hakushtuka!

Thandazile alikuwa keshalala sakafuni. Kapandisha miguu juu ya kiti, viatu vyake vikubwa vinaning'inia, kakumbatia mkoba wake kama mtoto mchanga, anakoroma. Halafu akajifanya kaota: "Mama wee! Mama usimalize siagi yangu, niachie ya kulamba!"

Watu hoi. Mmoja akapiga meza. Mondli naye anacheka, kainama, kashika magoti.

Khethiwe alikuwa amesimama katikati ya kile kicheko. Alitakiwa akae upande. Hakukaa.

"Vua viatu," akasema.

"Eh?" Thandazile alifungua jicho moja.

"Vua viatu ulale. Vitakuumiza miguu. Mama yako haji. Ijumaa hii haji, na ijayo haji."

Kicheko kikafa.

"Sawa, sawa, tuishie hapo." Mondli alipiga makofi mepesi, bado yuko kwenye kazi yake. "Nani anaweza kutuambia? Khethiwe amekosea wapi?"

"Amemkatisha mtoto tamaa," mmoja alisema.

"Amemsemea mama," mwingine akadakia. "Yeye atajuaje kama haji?"

"Hakutaja hisia."

"Vizuri sana. Umeona, MaZondi? Hata kama wewe unajua mama haji, siyo..."

Akamtazama. Na hapo Khethiwe aliona kabisa jambo lile likimfikia, likianzia machoni, likishuka mpaka mdomoni, na mdomo ukabaki wazi. Sentensi yake haikuisha. Khethiwe akachukua sweta lake kwenye kiti, akatoka.

Alisimama nyuma ya chumba cha kufulia, katikati ya shuka za watoto zilizoanikwa na hazikauki kwa ule ukungu. Alisikia hatua. Alizijua.

"Usije, Mondli."

Hatua zikasimama. Halafu, taratibu, akavuta kreti la plastiki, akaligeuza, akakaa. Hakukaa mbele yake. Alikaa pembeni kidogo, viganja juu ya magoti, wazi.

"Naona umeumia sana," alisema. Na ile sauti, ya chini, haina haraka.

Khethiwe akampa mgongo.

"Umeumia, na unajisikia kama umeanikwa mbele za watu."

"Mondli, unafanya nini?"

"Nakusikiliza, sthandwa, mpenzi wangu."

"Hapana. Umekaa upande. Mikono wazi. Sauti umeishusha. Unanitajia hisia zangu!" Aligeuka, macho mekundu. "Mimi ni mtoto wa nyumba ya tatu? Nimeshika kioo?"

"Una haki ya kuwa na hasira, na mimi..."

"Usinitulize, Mondli! Usithubutu kunituliza!"

Ndege waliokuwa juu ya paa wakaruka. Mondli akanyamaza. Na hata kunyamaza kwenyewe kulikuwa kule kule kwa mafunzo, kwa kusubiri mtu ashuke. Khethiwe alitamani kumpiga na kreti.

"Umeisimulia wapi tena?"

"Khethi..."

"Nakuuliza wapi!"

"Durban," akasema. "Estcourt. Newcastle. Sehemu nyingi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu inafanya kazi!" Kwa mara ya kwanza sauti ikampanda kidogo. "Watu wakisikia ile ya viatu wanabadilika. Nimeona walezi wazima wanalia. Kuna mama mmoja Newcastle alirudi kazini kwake, kila Ijumaa anaenda kukaa na watoto wanaosubiri wageni. Kila Ijumaa, Khethi! Kwa ajili yako! Na jina nilibadilisha. Nikamfanya wa kiume. Na wewe kwenye kundi langu hukuwepo."

"Kwa hiyo ningekuwa chumba cha pili, ingekuwa sawa?"

Mondli akakwaruza ukingo wa kreti kwa ukucha.

"Na leo je? Leo nilikuwa mbele yako. Magoti yetu yanakaribia kugusana. Ukanichagua mimi. Hukuniona?"

Mondli aliangalia chini. Shuka moja ilipigwa na upepo ikamfunika bega, hakuitoa.

"Nimeisimulia mara nyingi," alisema pole pole, "mpaka nimesahau kama ni yako."

Jamani. Katika yote aliyoyasema siku ile, hilo peke yake halikutoka kwenye mafunzo yoyote, na hilo ndilo lililompasua Khethiwe moyo vipande viwili. Alikaa chini pale pale kwenye zege lenye maji, akalia kwa kwikwi.

"Nilikuambia wewe peke yako."

"Najua."

"Hata baba hajui! Baba yangu mzazi!"

"Najua, MaZondi. Najua."

Mondli alipomuona analia vile, akaogopa. Na mtu akiogopa hukimbilia anachokijua. Mondli akavuta pumzi, akashusha mabega, akasema kwa upole kabisa:

"Tunaweza kuliongea sasa hivi, au tunaweza kunywa chai kwanza halafu tuliongee. Lipi ni rahisi kwako?"

Khethiwe aliinua uso. Akaanza kucheka. Kicheko kibaya, cha machozi.

"Machaguo mawili. Umenipa machaguo mawili!"

"Sikukusudia! Ulimi tu umezoea, Khethi, ni kazi..."

"Nilitaka ulie. Nilitaka unipigie magoti, upige kelele, uangushe hizi shuka zote, ufanye kitu chochote ambacho hujawahi kumfundisha mtu!"

Mondli alisimama. Mikono yake ilienda juu, ikarudi chini. Alionekana kama mtu aliyeambiwa aogelee na hajui maji.

"Sijui kufanya hivyo," alisema. "Nilianza kazi hii nikiwa kijana mdogo. Nilijifunza hivi kabla sijajifunza namna nyingine yoyote."

Kama Khethiwe angemsikiliza vizuri, hapo ndipo angemshika mkono. Lakini alikuwa anatafuta sweta lake.

"Na Jumamosi?" Mondli akauliza nyuma yake. "Wazee wanakuja. Niwaambie nini?"

"Waje, wasije, mimi sijui."

Mondli akaondoka na ile "waje".

*

Ijumaa Thandazile alimfuata jikoni na mfuko wa amagwinya, maandazi ya moto, mafuta yanapenya kwenye karatasi.

"Dada, nisamehe. Nimesikia. Yaani sijalala. Ningejua ni yako nisingelala chini na haya mapaja."

"Hukujua."

"Kula basi." Akamsogezea. "Sasa nikuulize. Mwanaume hapigi. Halewi. Anaongea taratibu. Unataka kumuacha kwa sababu anaongea taratibu? Wangu mimi akianza kuongea, majirani wanazima redio ili wasikie vizuri."

Khethiwe alicheka bila kutaka.

"Hajakuomba msamaha?"

Khethiwe akampa simu. Thandazile akasoma, midomo inacheza, mkono kifuani. "Mbona nzuri hii! Ningetumiwa mimi hii ningeolewa tena!"

"Isome vizuri. Kwanza ametaja alichofanya. Halafu ametaja kilichoumia. Halafu amesema atakachofanya kuanzia sasa. Siyo ndivyo tulivyofundishwa Jumanne, jinsi ya kumuomba mtoto msamaha?"

Thandazile akasoma tena. Uso ukamshuka.

"Kwa mpangilio kabisa," akanong'ona. Halafu akasema, "Lakini dada, labda ndiyo lugha yake. Mwingine analia, mwingine anapanga. Utamnyonga mtu kwa kupanga?"

Khethiwe alikaa na swali lile kwenye teksi mpaka Mpophomeni.

Nyumbani alikuta viti vya kuazima vimejaa ua. Shangazi yake Bajabulile, dada wa baba, alikuwa anaoka skonzi, na harufu ya tangawizi iliyochachushwa imejaa nyumba nzima. Baba yake alikuwa mbele ya kioo cha kabati, anajaribu koti.

Huyu ni baba aliyekataa karibu mwaka mzima! "Mwanaume analipwa kwa kuongea?" alikuwa anasema. "Siku maneno yakiisha mtakula nini?" Khethiwe alilia, alinuna, aligoma kula, shangazi akaingilia kati, mpaka mzee akalegea. Na akishalegea mzee Zondi halegei nusu. Kanunua kondoo. Kapaka geti rangi.

"Linanibana hapa?" akauliza, akigeuka.

"Halikubani, baba."

"Hao Hadebe nitawaacha wapige kelele nje kwanza. Wasidhani tunawangoja." Alikuwa anacheka peke yake kwenye kioo.

"Baba. Nikisema wasije?"

Mzee aligeuka, vifungo nusu. "Umenikalia shingoni miezi yote hii, leo ndiyo unasema wasije? Kuna nini?"

Khethiwe alifungua mdomo. Aseme nini? Ili aseme kosa la Mondli, ilibidi kwanza aseme viatu, aseme siagi ya karanga, aseme Ijumaa. Na baba tangu siku aliyomchukua kule makao hajawahi kuuliza kitu. Majirani aliwaambia binti alikuwa bweni.

"Nakutania tu," akasema.

"Kichwa chako kibovu kama cha shangazi yako."

"Nimesikia!" shangazi alipiga kelele jikoni.

Wakacheka wote watatu.

*

Jumamosi jua lilikuwa ndiyo linachomoza vizuri waliposikia sauti getini.

"Nondaba! Nhlabushile! Gagashe!" Wazee wa kina Hadebe walikuwa wanayataja majina ya sifa ya ukoo wa Zondi, moja baada ya jingine. "Tumekuja kuomba udugu mwema!"

Mzee Zondi alikaa sebuleni na koti lake, kakunja nne, anaangalia ukuta. Majirani walikuwa wameshajaa kwenye uzio, simu juu.

"Waache wakauke koo," alisema shangazi, akimfunga Khethiwe kitambaa kichwani na kumtupia blanketi mabegani. "Binti yetu hakuokotwa. Sasa wewe sikiliza. Utapiga magoti, macho chini. Nitakuuliza kama unawajua watu hawa. Ukisema nawajua, ndiyo mazungumzo yanafunguliwa. Lisemwe kwa sauti, usijifanye una haya, mpaka kwao Estcourt wasikie."

"Na nikisema siwajui?"

"Hakuna aliyewahi kusema." Shangazi akamchungulia usoni. "Umelia?"

"Vitunguu."

"Vitunguu nilimaliza mimi jana." Lakini wageni walikuwa wanaingia, hakupata nafasi ya kuuliza zaidi.

Mondli mwenyewe hakuwa ndani, siyo desturi bwana harusi aingie. Khethiwe alimuona kupitia dirisha la jikoni. Gari lake lilikuwa chini barabarani, na yeye ndani yake, mikono yote miwili juu ya usukani kama bado anaendesha. Amevaa suti! Hakuna ambaye angemuona, na amevaa suti. Moyo wa Khethiwe ukageuka. Ile hasira yote, sijui ilienda wapi. Alimtazama yule mtu kwenye suti yake ndani ya gari, akasema kimoyomoyo, nitasema nawajua. Nitasema, halafu nitamfundisha mimi mwenyewe kulia, hata ichukue maisha yote.

Kwa hilo wazo akaingia sebuleni, akapiga magoti kwenye mkeka.

Wageni walikuwa watatu. Wa katikati alikuwa baba mkubwa wa Mondli, mzee Velaphi, kofia magotini, pengo la mbele, macho ya kucheka. Khethiwe aliwahi kula kwake Estcourt. Ndiye aliyekuwa anamwita makoti, bi harusi, kabla ya mtu yeyote.

"Khethiwe," shangazi alisema kwa sauti ya shughuli. "Watu hawa wamesimama getini kwetu tangu asubuhi, wanasema wameona ua zuri humu ndani. Unawajua?"

Khethiwe alivuta pumzi. Neno lilikuwa tayari mdomoni.

Lakini pumzi ile ilichelewa kidogo, na mzee Velaphi akadhani binti anaogopa. Mzee mwema yule! Akainama mbele, akataka kumsaidia.

"Usiogope, mwanangu. Sisi tunakujua. Mondli ametusimulia yote, na zile shida ulizopita ukiwa mdogo, yule mama yako. Nyumba nzima tulilia. Kwetu hutalala na viatu tena ukisubiri mtu."

Mzee Zondi akashusha mguu aliokuwa ameukunja.

"Viatu gani?" aliuliza mzee Zondi.

Akamgeukia binti yake.

"Khethiwe. Viatu gani?"

Khethiwe aliwaona wote kwenye meza moja kule Estcourt, wanakula, na Mondli anasimulia kwa ile sauti yake, na wao wanafuta machozi. Aliona kwamba ataingia nyumba ile na kila atakayempa kiti, kila atakayempa chai, atakuwa anampa yule mtoto. Na baba yake alikuwa anamtazama, koti limembana, hajui kitu, amekuwa wa mwisho kujua ndani ya sebule yake mwenyewe.

"Siwajui," akasema.

Shangazi alicheka kidogo, cheko la kuziba aibu. "Hakusikia vizuri. Khethiwe, hawa hapa, wa kina Hadebe, unawa..."

"Siwajui, shangazi."

Mzee Velaphi alimtazama. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alionekana kama mtu aliyekanyaga kitu gizani na hajui amevunja nini. Aliinua chupa ya brandi waliyokuja nayo, ambayo haijafunguliwa, akaitia ndani ya koti. Akavaa kofia.

"Basi, Nondaba," alimwambia mzee Zondi, "tusamehe kwa usumbufu. Tumekosea nyumba."

Wakatoka mmoja mmoja. Majirani kwenye uzio walishusha simu zao, hata wao waliona aibu.

Khethiwe alikimbilia dirishani. Mondli alikuwa keshatoka kwenye gari. Alimuona mzee Velaphi akimwambia kitu, kifupi tu. Alimuona Mondli akitikisa kichwa, akitikisa tena. Alikaa chini barabarani, na suti yake, kwenye vumbi, akajishika kichwa, na mdomo wake ukafunguka, na sauti iliyotoka ilifika mpaka jikoni. Haikuwa nzito, haikuwa ya taratibu. Ilikuwa mbaya, imepasuka. Mbwa wa jirani wakabweka.

"Mondli!" Khethiwe alishika kitasa.

Shangazi akamshika mkono. "Unaenda wapi?"

"Niache, shangazi! Nilikuwa na hasira, sikutaka aondoke, nilitaka tu..."

"Umesema huwajui mbele ya baba yako na mbele ya wazee wa watu. Mara mbili, na mara ya pili nilikuuliza mimi mwenyewe nikikuombea. Ukitoka sasa ukamkimbilia, baba yako ataitwa nani mtaa huu? Na yule mzee umemrudisha Estcourt na chupa yake kwapani, unadhani atapanda tena mlima huu?"

Kule chini wazee wawili walimnyanyua Mondli, wakamuingiza kiti cha nyuma. Mzee Velaphi ndiye aliyeshika usukani. Gari liligeuka taratibu, likapita mbele ya geti lile lenye rangi mpya, na halikusimama.

Khethiwe alibaki amesimama na blanketi begani. Jikoni kondoo alikuwa anachemka, mifuniko inacheza, nyama ya watu wengi wasiokuja.

Mzee Zondi aliingia. Alikuwa amevua koti. Akavuta kiti cha kuazima, akakaa mbele ya binti yake, mbele kabisa, uso kwa uso, mikono hajui aiweke wapi.

"Niambie hivyo viatu," akasema.

Akamwambia. Yote, viatu na siagi ya karanga na Ijumaa zote. Ilichukua muda, maana alisimama kila mara kufuta pua kwa pembe ya blanketi. Mzee Zondi alilia waziwazi kama mtoto, akapiga paja, akamtukana mama yake Khethiwe, akajitukana mwenyewe, akaitukana Rustenburg na mashimo yake yote. Kisha akamshika binti yake mabega.

"Miaka yote hii, mwanangu! Kwa nini hukuniambia?"

Khethiwe aliangalia barabara. Vumbi lilikuwa limeshatulia.

"Nilishamwambia Mondli, baba," akasema. "Niliona inatosha."